Picha za Alfajiri na Majumba ya Wazee Wetu



Katika Industrial Area, kusini-magharibi ya mji wa Doha, vijana wetu wa magereji na maghala huamka kabla ya jua, kwani mabasi ya zamu huondoka gizani. Ijumaa hakuna zamu, lakini aliyezoea kuamka mapema usingizi humkimbia. Basi baadhi yao, wakisha kusali, huchukua kamera au simu zao wakaenda Souq Waqif kupiga picha za majengo. Wazee wengine huwacheka: picha gani hiyo ya gizani? Mimi naona kazi hiyo ina maana.

Kwanza tuitazame nuru yenyewe. Jua likishatoka, ukuta wa chokaa hung'aa mpaka unaumiza macho, na chini ya roshani pakawa peusi kama masizi. Lakini kabla ya jua kuchomoza, nuru hutoka mbingu nzima, wala haina upande. Kila ufa, kila nakshi ya mlango, na kila kichwa cha boriti huonekana. Ila muda wenyewe ni mfupi: nuru ya kutosha hudumu kiasi cha dakika 25 hapa Doha, na kwetu Unguja kama dakika 22 tu.

Nimetaja boriti kwa makusudi. Miti inayojitokeza kwenye kuta za zamani za Ghuba, ambayo watu wa Qatar huiita danshal, ni mikoko. Mingi ilikatwa Lamu na Rufiji, ikapakiwa majahazini yaliyoondoka na upepo wa kusi. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, huku na kule. Ndiyo maana vyumba vya kizamani vya Doha na vya Mji Mkongwe ni vyembamba namna moja. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Kijana anayepiga picha ya boriti hizo alfajiri anapiga picha ya safari ya babu zake.

Sasa tuje kwetu. Bait al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Uso wake umeelekea baharini, na jua huchomoza nyuma yake. Anayeipiga picha asubuhi jua likiwa limetoka hupata mbingu nyeupe na nyumba nyeusi. Jioni hupata vivuli vikali vya nguzo. Alfajiri ndiyo saa yake.

Nyumba hiyo imetufundisha thamani ya picha mara mbili. Mara ya kwanza ni tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoupiga mizinga mji kwa muda usiotimia saa moja. Bait al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, na mnara uliosimama peke yake mbele ya Bait al-Ajaib ukaharibika, usijengwe tena pale. Mnara wa saa tulioujua sisi uliunganishwa na nyumba baadaye. Mtoto wa leo angeaminije kuwa mnara wa kwanza ulikuwapo, lau si picha za zamani? Mara ya pili ni tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo: sehemu ya mbele na mnara wa saa vikaanguka, na mafundi wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku hiyo, anayetaka kujua roshani zile zilikuwaje hana budi kurejea picha.

Unguja haikukosa wapiga picha. Gomes na Coutinho walifanya kazi hiyo tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Lakini tujiulize. Nyumba zetu za vichochoroni, ambako bibi zetu walizaa na kulea, nani amezipiga?

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Vijana mnaokwenda likizo, siku moja tu amkeni na adhana. Simameni mbele ya nyumba ya ukoo, egemezeni kamera ukutani isitikisike, mpige mlango, dari na baraza. Nyuma ya kila picha andikeni jina la mtaa, tarehe, na jina la aliyeijenga. Nyumba ikisimama, itakuwa kumbukumbu. Ikianguka, itakuwa ushahidi.

Wabillahi tawfiq.