Flashi Ikishikwa na Virusi: Faili Zako Bado Zimo, Usikubali Ifutwe

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta ukakuta folda zako zote zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni, au umebaki na kialama kimoja tu chenye jina la flashi yenyewe, au hamna kitu kabisa, usikubali mtu akwambie, "Hii ni ya kufomati tu." Kufomati ni kufuta. Na katika hali hizo nilizozitaja, faili zako mara nyingi hazijaenda popote. Zimo humo humo ndani ya flashi, zimefichwa.

Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Bofya kulia juu ya flashi, chagua Properties kwenye orodha inayoshuka, kisha tazama nafasi iliyotumika. Flashi ya GB 8 inayosema GB 5 zimetumika, huku wewe ukiiona tupu, si tupu. Kuna kitu kimekalia hizo GB 5, na kitu chenyewe ni kazi yako.

Mimi natengeneza kompyuta hapa Kitengela, kaunti ya Kajiado. Ni mbali na bahari, lakini si mbali na watu wa bahari. Wako ndugu zetu waliokuja kutafuta kazi katika viwanda vya EPZ kule Athi River, wako madereva wa malori ya Namanga, wako wanafunzi na makatibu wa vyama, na kila mmoja ana flashi yake mfukoni au imefungwa kwenye ufunguo. Flashi yenye picha za harusi ya Malindi hupanda basi la usiku, asubuhi iko kwenye saiba ya Kitengela, jioni imefika Kajiado mjini, na kirusi kimesafiri njia nzima bila kulipa nauli. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wa nyumbani. Kirusi ninachokitoa huku ndicho hicho hicho kilicho huko.

Kwanza tuelewane kinavyofanya kazi. Zamani flashi ikichomekwa, Windows ilikuwa yenyewe inasoma faili iitwayo autorun.inf na kufuata maagizo yake. Virusi vilineemeka kwa tabia hiyo. Conficker, kilichotokea Novemba 2008 na kuambukiza mamilioni ya kompyuta duniani, kilitumia njia hiyo pamoja na nyingine. Februari 2011 Microsoft wakasambaza sasisho la kuuzima mlango huo kwa flashi katika Windows XP na Vista; Windows 7 ilikuwa tayari imefungwa. Baada ya hapo wenye virusi wakabadili mbinu. Kwa kuwa kompyuta imekataa kuwafungulia, wakaamua wewe mwenyewe uwafungulie.

Basi kirusi huchukua folda zako na kuzipa alama mbili: alama ya kufichwa, na alama ya kuwa faili za mfumo wa kompyuta. Kisha huweka mahali pake vialama vyenye majina yale yale, Harusi, Shule, Mahesabu. Wewe unabofya Harusi, kirusi kinaamka, kinajinakili ndani ya kompyuta, halafu kinakufungulia ile folda halisi ya harusi ili usishuku lolote. Kuanzia hapo, kila flashi itakayoingia kwenye kompyuta hiyo itatoka na ugonjwa. Vingine ni vijanja zaidi: hutumbukiza kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina, yaani jina lake ni alama ya nafasi tupu, kwa hivyo hata ikifichuliwa unaona picha ya folda na chini yake hamna neno.

Wala msidhani ni mambo ya vijana wanaocheza. Septemba 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na China walivyoingia katika mashirika kadhaa ya kimataifa kwa kirusi cha flashi kiitwacho Sogu, kupitia ofisi zao za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Njia mojawapo waliyoitaja ni kompyuta za kushirikiana: maduka ya kuchapisha na vibanda vya intaneti.

Kuna mzee aliyenijia kutoka upande wa Isinya, katibu wa kamati ya ardhi. Ndani ya flashi yake mlikuwa na kumbukumbu za mikutano na orodha ya wanachama watakaogawana ranchi yao. Kibanda kimoja kilikuwa kimemwambia flashi imekufa, anunue nyingine. "Kijana wangu," akaniambia, "kuna majina ya wajane humu ambayo hayako kwenye karatasi yoyote. Nikirudi bila hayo, watasema nimeyafuta mimi." Flashi haikuwa imekufa. Ilikuwa na ile folda isiyo na jina, na kazi ya kuifichua haikutuchukua hata robo saa. Lakini lau angeikubali shauri ya kufomati, na mtu akajaza nyimbo mpya juu yake, majina yale yangekwenda. Mimi huwalaumu mafundi wenzangu kwa hili kuliko ninavyowalaumu wenye virusi. Kufomati ni kazi ya nusu dakika na inalipwa sawa na kazi ya nusu saa.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kompyuta unayoiamini, isiwe ile uliyoishuku. Kama ni Windows 10 au 11, tayari ina Defender ndani yake, haina haja ya kununua antivirusi. Ila iwe imesasishwa. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020, na Windows 10 nayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo saiba nyingi zinafanya kazi na milango wazi. Chomeka flashi. Usibofye kialama chochote kilichomo, hata kama jina ni la mtoto wako. Bofya kulia juu ya flashi yenyewe na uchague ikaguliwe na Defender. Windows 11 huificha orodha ndefu, basi itabidi ubofye mstari wa chini unaoonyesha mengine zaidi.

Hapa ndipo watu hupata mshtuko. Antivirusi huondoa kirusi na vile vialama vya uongo, lakini mara nyingi haizirudishi faili zako kwenye mwanga. Mtu anaona flashi imekuwa nyeupe kabisa, anapiga kelele kwamba antivirusi imekula kazi yake. Haikula. Imemfukuza mwizi ikaacha mlango alioufunga umefungwa vile vile.

Kuufungua, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litatokea dirisha jeusi. Tazama flashi yako imepewa herufi gani; tuseme ni E. Andika mstari huu kama ulivyo, pamoja na nafasi zake, ukibadilisha herufi tu:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kisha Enter, na usubiri mpaka mshale wa kuandikia urudi. Flashi iliyojaa picha huweza kuchukua dakika kadhaa. Ile -h huondoa alama ya kufichwa, -r huondoa alama ya kusomwa tu, -s huondoa alama ya faili za mfumo. /S hushuka mpaka folda za ndani, na /d hugusa folda zenyewe, si faili peke yake. Ukisahau /d, folda zitabaki zimefichwa na utadhani amri haikufaa. Folda iitwayo System Volume Information ikikataa, iache, hiyo ni ya Windows. Amri hii haifuti kitu, kwa hivyo hata ukiirudia mara tatu hakuna hasara. Hasara huja kwa kuandika herufi ya diski ya kompyuta badala ya herufi ya flashi, maana hapo utazivua alama faili za mfumo ambazo zimefichwa kwa sababu. Angalia herufi mara mbili.

Ukishamaliza, fungua flashi. Ukiona folda isiyo na jina, ingia, vitu vyako vimo. Kabla hujanakili chochote, iamrishe Windows ionyeshe miisho ya majina ya faili, kwani kirusi hupenda kuvaa nguo za picha: jina linasomeka harusi.jpg, kumbe mwisho wake halisi ni .exe. Nakili hati, picha, sauti na video zako kwenye folda mpya ya kompyuta. Yanayoishia .lnk, .vbs, .js, .exe au .inf, na wewe hukuyaweka mwenyewe, yaache huko huko. Fungua faili chache ulizonakili, mwanzo, katikati na mwisho, uone zinafunguka. Ukiridhika, sasa ndipo ufomati. Kufomati si haramu. Ni ya mwisho, si ya kwanza.

Asiye na kompyuta ya kuaminika ana njia nyingine, nami naipenda kuliko ya kwanza. Chukua simu yako ya Android na kile kiunganishi kidogo cha OTG kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, chomeka flashi kwenye simu. Zile alama za kufichwa ni lugha ya Windows. Android haizijali, kwa hivyo faili huonekana zote kama hazikuguswa. Na kirusi kilichoandikiwa Windows hakiwezi kuamka ndani ya simu, kimelala kama samaki aliyepwewa. Nakili vitu vyako kwenye simu. Ila simu nyingi husoma flashi za muundo wa FAT32, na nyingine huzikataa za NTFS. Kompyuta yenye Linux hufanya kazi hiyo hiyo, na Ubuntu unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi nyingine bila kuigusa Windows ya mwenye nyumba.

Kusafisha flashi na kuiacha kompyuta ni kukumba maji chomboni na tundu halijazibwa. Kompyuta uliyobofyea vile vialama nayo inaumwa. Defender ina ukaguzi wa kuzima na kuwasha, unaofanyika kabla Windows haijaamka, na huchukua kama robo saa; kirusi hakipati nafasi ya kujitetea. Baadaye ijaribu kwa flashi isiyo na kitu cha maana: ingiza, weka folda moja, toa, ingiza tena. Ukiona kialama chenye mshale ambacho hukukiweka, kazi haijaisha.

Yapo mambo ambayo amri ya attrib haiyaponyi. Windows ikisema flashi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, huo mara nyingi si ugonjwa wa kirusi, ni kuvurugika kwa orodha ya faili, aghalabu kwa kuchomolewa ghafla. Kataa, kisha utumie PhotoRec, programu ya bure inayotafuta faili moja moja bila kuitegemea orodha. Hiyo hiyo humfaa aliyekwisha kufomatiwa kwa haraka, mradi hajaandika kitu kipya juu yake, maana fomati ya haraka hufuta orodha tu. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri flashi nzima, na hapo hakuna wa kukusaidia. Na majina ya faili zako yakiongezewa mwisho wa ajabu, pamoja na barua ya kudai pesa, hicho ni kirusi cha aina nyingine, kinachozifunga faili kwa msimbo. Hazikufichwa, zimebadilishwa, na tiba yake ni nakala uliyoiweka kando mapema. Kuna pia flashi bandia, zinazojiandika GB 64 na ndani ni 8. Faili zilizozidi huharibika zenyewe, kirusi kikasingiziwa bure.

Kwa wanaokwenda saiba kila mara kuchapisha barua, vyeti na hati za ardhi: wengi siku hizi huwatumia vijana wa saiba kwa WhatsApp au barua pepe, na kweli flashi hupona. Lakini hati yenyewe hubaki kwenye kompyuta ya watu. Nimeona vitambulisho na hati za shamba za watu wasiojuana vimelala pamoja ndani ya folda moja ya vipakuliwa. Mwambie kijana aifute ukiwa umesimama hapo, na atoke kwenye akaunti yako. Si jeuri, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Mimi mwenyewe hutembea na kadi ya kumbukumbu ya kamera, ile kubwa ya SD, yenye swichi ndogo ubavuni. Ukiitelezesha upande wa kufunga, visomeo vingi vya kadi hukubali kusoma tu na hukataa kuandika, na kirusi kisichoweza kuandika hakina pa kuingilia. Kadi ndogo za simu hazina swichi hiyo. Iko kwenye adapta yake, basi chukua vyote viwili, na umuulize kwanza mwenye saiba kama kompyuta yake ina tundu la kadi.