Maiki za drams: ukumbini na studio, ununue ipi kwanza?

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Mdau mmoja wa bendi ya vijana ya kanisani kaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara kibao. Wamechangishana karibu mwaka mzima, hela imetimia, na dukani wameoneshwa vitu viwili vya bei moja: boksi la maiki saba za drams lisilo na jina la maana, na maiki mbili tu za kampuni inayojulikana. Wachukue lipi?

Nikamwambia chukueni mbili. Hakufurahi! Ngoja nieleze, maana wengi mtakuja kukutana na swali hilohilo.

KWA NINI MAIKI IKAE KARIBU?

Drams zina kelele za kutosha zenyewe, kwa hiyo shida siyo kuzisikia. Shida ni kuzitenganisha. Maiki ikikaa mbali inazoa kila kitu: gitaa, monita, waimbaji, mpaka mwangwi wa ukuta. Ukiisogeza sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi, ile ngoma moja inazishinda kelele zote za jirani.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1966, kwenye studio za EMI pale Abbey Road, London, kijana wa miaka 20 aitwaye Geoff Emerick alisogeza maiki kwenye kiki ya Ringo Starr wa The Beatles karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu, tena akashindilia sweta ndani ya ngoma ili isivume ovyo. Leo hii mafundi dunia nzima wanafanya hivyo na hakuna anayeshangaa.

KANUNI MOJA YA KUKUMBUKA

Wengi wanachagua maiki kwa kile inachosikia. Jukwaani, chagua pia kwa kile ISICHOSIKIA. Maiki ya kadioidi (mchoro wake wa usikivu una umbo la moyo) inasikia vizuri mbele, kidogo pembeni, na nyuma ni kiziwi. Superkadioidi inabana zaidi pembeni, lakini nyuma kabisa inasikia kidogo. Uziwi wake uko kwenye nyuzi kama 126 kutoka mbele, yaani pembeni kwa nyuma. Ukishajua hilo, unageuza sehemu kiziwi ielekee kwenye kelele usiyoitaka. Hiyo ni kazi ya bure, haihitaji mshiko wowote.

KIKI

Hapa usilazimishe maiki ya kuimbia. Tafuta iliyotengenezwa kwa sauti nzito: AKG D112, Shure Beta 52A au Audix D6. Ukiiweka kwenye tundu la ngozi ya mbele unapata mvumo mwingi. Ukiiingiza ndani ielekee pale nyundo inapogonga, unapata mgongo mkali zaidi. Ukumbini ingiza ndani. Na mto mdogo au blanketi ndani ya kiki linasaidia kuliko kuzungusha vitufe vya mikisa usiku kucha.

SNEYA

Shure SM57. Ipo tangu 1965, ni dainamiki, haitaki umeme, na inavumilia vipigo. Iweke sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, ilalie kuelekea katikati ya ngozi, na MGONGO wake uangalie haihati. Hapo ndipo ile kanuni inapolipa. Vijana wengi wanalalamika haihati imejaa kwenye maiki ya sneya, kumbe wameielekeza huko wenyewe.

Mkiwa na maiki ya pili chini ya sneya kwa ajili ya zile nyaya, bonyeza kitufe cha kugeuza polariti kwenye mikisa. Ngozi ya juu ikisukumwa chini, inaikimbia maiki ya juu na inaisogelea ya chini, kwa hiyo ishara mbili zinapingana na sneya inakuwa nyembamba kama debe.

TOMU

Sennheiser e604 au e904 zinabanwa kwenye ukingo wa ngoma, hazihitaji stendi. Jukwaa dogo linapumua. Studio wengi wanapenda Sennheiser MD 421, ya tangu 1960, lakini ni kubwa na inataka stendi yake. Kumbuka pia kwamba maiki hizi za kadioidi, kadiri unavyozisogeza karibu, besi inaongezeka. Tomu ikivuma kupita kiasi, rudisha maiki nyuma kidogo kabla hujagusa mikisa.

MATOAZI NA HAIHATI

Hapa ndipo kondensa kama Shure SM81 zinapotumika. Zinanasa mambo madogomadogo, lakini zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa kupitia waya huohuo wa maiki. Mikisa yako haina? Basi kondensa hiyo ni pambo tu.

Na kwenye ukumbi mdogo huzihitaji. Matoazi yanasikika yenyewe mpaka mlango wa nyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kutundika kondensa mbili juu ya drams kwenye harusi, dari fupi, monita ziko pembeni. Bibi harusi anaingia, maiki zikaanza kupiga mluzi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Sijasahau mpaka leo.

STUDIO NI MCHEZO MWINGINE

Studio hakuna monita ya kupiga mluzi, kwa hiyo maiki za mbali zinaruhusiwa, na mara nyingi ndizo zinabeba sauti yote. Fundi Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968, amejulikana kwa kutumia maiki chache: moja juu, moja upande wa tomu ya chini, zote mbili umbali uleule kutoka sneya, halafu za karibu kwa kiki na sneya.

Kwa nini umbali uleule? Sauti inachukua kama milisekunde 3 kwa kila mita. Ikifika kwenye maiki moja mapema na nyingine kwa kuchelewa, zikichanganywa zinakulana. Hauna haja ya kompyuta. Chukua kamba, shika katikati ya sneya, pima mpaka kila maiki. Basi.

FEKI NA UNYEVU

Maiki za Shure zinaigizwa sana. SM57 ya kweli ina uzito wa gramu 284 bila waya, kwa hiyo ikiwa nyepesi kama toi, jiulize. Na kwa sisi wa Pwani, Dar mpaka Mombasa, unyevu unazifanya kondensa zikwaruze. Zitunze kwenye boksi linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha unavyokuta kwenye maboksi ya viatu usivitupe.

KWA HIYO NUNUA HIVI

Kwanza ya kiki, pili SM57 ya sneya. Kwa ukumbi wa watu mia mbili mmeshamaliza. Hela ikipatikana ongeza za tomu. Kondensa mbili ziwe mwisho, mkianza kurekodi.

Boksi la maiki saba linavutia kwa macho, lakini maiki saba mbovu ni milango saba ya kuingizia kelele. Mbili nzuri, zilizokaa mahali pake, zitawafanya watu waulize fundi mitambo ni nani, safari hii kwa wema.

Mafundi na mapromota mliopo, kosoeni hapo chini. Nawasilisha.