Akwariamu ndogo ya mimea na kamba: tangi kwanza, kamba baadaye

Akwariamu ya mimea ni tangi la kioo lenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, pamoja na mchanga, mimea hai na viumbe wadogo. Hufaa kuwekwa dukani, ofisini au kwenye mapokezi ya hoteli. Wengi wanaoanza hupata hasara kwa sababu moja: wananunua kamba siku ileile wanapojaza tangi maji.

Hesabu yake ni rahisi. Ukinunua kamba 20 wakafa 15, kila mmoja kati ya watano waliobaki amekugharimu mara nne ya bei uliyolipa. Kusubiri wiki nne hadi sita kunagharimu umeme wa taa na pampu tu.

Kamba wa kuanzia

Anayefaa kwa anayeanza ni kamba mwekundu, jina la kitaalamu Neocaridina davidi, mwenye asili ya China na Taiwan. Hufikia sentimita 2 hadi 3 na huishi mwaka mmoja hadi miwili. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hivi, na watoto hukulia kwenye maji yaleyale bila kuhitaji maji ya bahari. Anapenda joto la nyuzi 20 hadi 26 na pH ya 6.5 hadi 8.

Vifaa

- Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hubeba lita 54, hivyo meza iwe imara.
- Chujio la sponji na pampu ya hewa. Chujio la kufyonza kwa nguvu humeza watoto wa kamba.
- Taa ya kuwashwa saa 6 hadi 8 kwa siku.
- Mchanga wa mto au kokoto ndogo, zilizooshwa hadi maji yatoke meupe. Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi na vipande vya makombe.
- Vifaa vya kupimia amonia na nitriti.
- Mimea isiyodai mengi: Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na kuvumwani ya Java inayoshika mawe.

Usichume mimea ziwani au bwawani. Inaweza kubeba konokono wanaoeneza kichocho.

Hatua za kufuata

1. Weka mchanga kina cha sentimita 4 hadi 5. Funga Anubias kwenye jiwe au kipande cha mti kwa uzi. Shina lake likifukiwa huoza.

2. Jaza maji polepole. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa saa 24 au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua pekee hayafai, kwani hayana madini ambayo kamba huhitaji kujenga gamba.

3. Washa pampu mchana na usiku. Tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Chakula kikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu; wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huitumia. Bakteria hao ndio mtaji wako, na huchukua wiki kadhaa kuongezeka.

4. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo huku ukiendelea kutia chakula, badilisha nusu ya maji na uweke kamba 10 wa kwanza.

5. Baada ya hapo badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki. Lisha kidogo mara mbili au tatu kwa wiki na utoe mabaki. Sponji isafishwe kwa maji ya tangi, kwani klorini ya bombani huua bakteria.

Maadui wawili

Wa kwanza ni shaba, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kutibu samaki. Wa pili ni dawa ya mbu. Dawa inayopuliziwa chumbani huweza kuua kamba wote kwa usiku mmoja. Osha mikono baada ya kushika chandarua chenye dawa.

Joto nalo liangaliwe. Dar es Salaam na Mombasa maji hufikia nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Weka tangi kivulini na feni juu yake. Nairobi wakati wa baridi ya Julai hita ndogo inaweza kuhitajika.

Kusafirisha

Usiwalishe kamba siku moja kabla ya safari. Jaza mfuko theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, weka kipande cha kuvumwani washikilie, kisha panga mifuko kwenye boksi jeupe la kuhifadhi baridi kama la minofu ya samaki. Wakifika, dondoshea maji ya tangi kwenye chombo chao tone kwa tone kwa saa moja hadi mbili. Maji ya safari yamwagwe, yasiingie tangini.

Mpakani

Mimea hai huhitaji kibali cha kuingiza kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kenya mamlaka husika ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Kwa kamba, anza na idara ya uvuvi na ya mifugo. Cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hakichukui nafasi ya vyeti vya afya.

Masharti haya yana sababu. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kama ua la mapambo. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likaziba njia za meli na mitumbwi Kisumu, Port Bell na Mwanza. Waliolipa ni wavuvi na wasafirishaji.

Kwa hiyo usimwage maji, mimea wala kamba wa akwariamu mtoni, ziwani au mtaroni. Maji mwagia ardhi kavu iliyo mbali na mkondo. Mimea ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha uifukie.