Aliyeitwa jeshini, nafasi yake ya kazi inachungwa na nani?



Mwaka 2023 Kongo ilipata sheria ya Réserve armée de la défense: raia wanaweza kuandikwa ili wasaidie jeshi kulinda inchi. Tangu hapo wazazi wengi kati yetu wanauliza: kijana mwalimu, dereva ao mulimaji akiitwa, nani atamuchungia kazi yake? Nani atalipa nyumba ya bibi na watoto? Na siku akirudi, ataanzia wapi?

Lile swali la mwisho sisi tunalijua vizuri. Wengi wetu tulirudi tukakuta shamba linalimwa na mwengine. Mtu wa rezerve naye ni mtu wa kurudi. Basi tuangalie historia: serikali zimewafanyia nini wale zilizowaita?

Tuanzie Marekani, pale ndugu zetu wengi wa kambi walipelekwa. Tarehe 27 mwezi wa 8 mwaka 1940, vita ilikuwa imekwisha kuwaka Ulaya lakini Marekani ilikuwa haijaingia. Bunge likamruhusu Rais Roosevelt kuita watu wa National Guard na wa rezerve kwa miezi 12. Angalieni jambo hili: sheria ile ile iliyowaita ndiyo iliyochunga kazi zao. Haikungoja warudi kwanza. Mwezi uliofuata, sheria ya kuandikisha vijana jeshini ikaweka ulinzi wa namna moja.

Masharti yalikuwa wazi. Mtu awe alikuwa na kazi ya kudumu, si kibarua cha siku. Awe na karatasi ya jeshi yenye kuonyesha kwamba alimaliza vizuri. Awe angali na uwezo wa kufanya kazi ile. Aombe ndani ya siku 40 tangu kutoka jeshini. Hapo patro alipaswa kumrudisha pahali pake, ao pahali panapolingana kwa cheo na mshahara, isipokuwa kama hali ya kampuni imebadilika mpaka haiwezekani tena. Na asimfukuze mwaka mzima bila sababu. Patro akikataa? Avoka wa serikali alimsimamia mbele ya tribinali, bila kumulipisha kitu.

Mwezi wa 10 wa mwaka ule ule ikatoka sheria ingine, juu ya nyumba na madeni. Kama nyumba ilikuwa ya kodi isiyopita dola 80 kwa mwezi, jamaa ya askari haikuweza kufukuzwa bila ruhusa ya juje. Na mwaka 1942 ikaongezwa hivi: deni ambalo mtu alichukua mbele ya kuingia jeshini, faida yake isipite 6 kwa mia kwa mwaka.

Apana kufikiri kwamba kila kitu kilienda muzuri. Ile miezi 12 haikubaki 12. Mwezi wa 8 mwaka 1941 wabunge walipiga kura ya kuongeza muda: 203 walikubali, 202 walikataa. Kura moja tu, na watu waliojiandaa kurudi nyumbani wakabaki. Mwezi wa 12 Marekani ikaingia vitani, na wengi walirudi mwaka 1945 ao nyuma yake.

Tena kulikuwa ubishi: mtu akirudi, anapita wenzake waliobaki? Mwaka 1946 kesi ya Abraham Fishgold, fundi wa kuchomelea vyuma katika kazi ya meli, ilifika Mahakama Kuu. Wajuje walisema askari ahesabiwe kama mtu ambaye hakuondoka kamwe: miaka ya jeshi inaingia katika miaka yake ya kazi. Lakini haimupandishi juu ya wale waliomutangulia kazini.

Na jambo lenye kuuma zaidi ni hili. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari wote waliorudi masomo na msaada wa kupata mkopo. Kwa maandishi, mweusi na mweupe walikuwa sawa. Lakini banki na biro za mtaani ndizo zilizoamua. Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyopata dhamana ya serikali, weusi walipata 2.

Sasa turudi kwetu. Katika vita ya 1914 mpaka 1918, Force Publique ilivuka Kivu na Tanganyika, ikachukua Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi; wanahistoria wanahesabu zaidi ya 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Mukubwa wa jeshi, Charles Tombeur, alipewa cheo cha baroni mwaka 1926, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Mupagazi hakuwa na sheria ya siku 40.

Katika vita ya pili wazee wetu walishinda Waitalia kule Saïo, Ethiopia, mwaka 1941. Wengine walipelekwa Nigeria, Misri, mpaka Burma kufanya kazi ya hospitali ya vita. Wakati ule ule, kijijini, siku za kazi za lazima zilipanda mwaka 1942 kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Basi mume aliitwa na Leta, na jamaa aliyoacha nyumbani nayo ilikamuliwa na Leta. Mwezi wa 2 mwaka 1944 askari waliasi Luluabourg. Kaporali Albert Kunyuku, aliyefika Burma, alivishwa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji huko Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2022. Alikuwa na miaka 100. Vita ilikuwa imekwisha miaka 77 mbele yake.

Historia hizi mbili zinafundisha neno moja: haki ya mwenye kuitwa inaandikwa mbele hajaondoka. Akisha kurudi, anaomba kama masikini. Na hata ikiandikwa, inataka karatasi mkononi, siku zinazohesabika, na mtu wa kumusimamia biro ikikataa.

Kwa hiyo, kijana wako akitaka kujiandikisha, muulize afisa anayeandika: kazi yake inachungwa na sheria gani? Akiumia ao akifa, jamaa inaenda biro gani, na karatasi gani? Akirudi, ana siku ngapi za kudai? Majibu yaandikwe. Chukua namba yake, tarehe aliyoingia na jina la kikosi, ufanye fotokopi, na moja ibaki nyumbani. Maswali yale yale tuyapeleke kwa wadepite wetu, maana wao ndio wanaopiga kura, na mwaka 1941 tumeona kura moja inafanya nini.