Mitaa ya malango na mgawanyiko wa wakazi jijini Nairobi

MITAA ya malango ni makazi yaliyozungushiwa ukuta, ambayo huingiwa kupitia lango linalolindwa na mabawabu usiku na mchana. Mgeni huandikisha jina na nambari ya kitambulisho, naye mwenyeji hupigiwa simu kuulizwa iwapo anamtarajia. Ulinzi, uzoaji wa taka na taa za njiani hulipiwa na wakazi wenyewe kupitia ada inayokusanywa na chama au kampuni yao.

Jijini Nairobi, mgawanyiko wa makazi ulizitangulia kuta hizo. Mji huo ulianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, na utawala wa kikoloni ukaugawa kwa misingi ya rangi. Wazungu walitengewa nyanda za juu kama vile Muthaiga, Waasia wakajikita Ngara na Parklands, ilhali Waafrika walisukumwa mashariki, katika Pumwani miaka ya 1920 na Kaloleni miaka ya 1940. Wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande kila waendako.

Baada ya uhuru mwaka wa 1963, rangi iliacha kuwa kigezo, na fedha zikashika nafasi yake. Wakati huo huo, watu walizidi kumiminika mjini. Sensa ya 1999 ilihesabu wakazi 2,143,254. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Mabomba ya maji, barabara na vituo vya polisi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Aliyejiweza alijinunulia huduma hizo nyuma ya ukuta: kisima chake, jenereta yake na walinzi wake. Hofu ya ujambazi ilichochea zaidi mtindo huo. Mabwanyenye wa Runda na Kitisuru walifuatwa na watu wa mapato ya wastani, walionunua nyumba za namna hiyo Syokimau, Kitengela na kandokando mwa barabara ya Thika.

Hata hivyo, pande hizo mbili hutegemeana. Mtaa wa mabanda wa Mathare uko karibu na Muthaiga, na kila asubuhi yaya, watunza bustani na walinzi hutoka vitongojini kwenda kazini ndani ya malango. Jioni hurejea kwao, ambako wengi hununua maji kwa mtungi, kwa bei inayozidi ile ya maji ya bomba. Naye mwenye kisima hana sababu kubwa ya kuishinikiza serikali ya kaunti ipanue mabomba. Hivyo, sauti ambazo zingesikizwa kwa urahisi ndizo zinazokosekana katika madai hayo.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na maji safi ya kutosha, na Kifungu cha 39 kinalinda uhuru wa kutembea. Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawaruhusu wenye nyumba kuunda shirika la kusimamia maeneo wanayomiliki kwa pamoja. Mzozo huzuka pale kizuizi kinapowekwa kwenye barabara ya umma. Barabara hiyo si mali ya chama cha wakazi, na mchuuzi au mwanafunzi anayefungiwa njia hulazimika kuzunguka mwendo mrefu, ingawa ana haki sawa ya kuipita.