Nshomile, kwa Jina la Nani?

Simu ya shangazi yangu ina laini mbili. Ya kwanza wanapiga ndugu, na wanamwita Ma Koku. Ya pili wanapiga watu wa kazini, na wanamwita kwa jina jingine kabisa ambalo sitaliandika hapa. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtu mzima ana jina la nyumbani na jina la mshahara. Nilikuwa kidato cha pili nilipoelewa kwamba lile jina la mshahara lilikuwa na mwenyewe.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ninaandika kuhusu elimu na ajira mkoani Kagera. Nimekaa na majalada, nimehoji wazee wa Bukoba na Muleba, nimejaza madaftari matatu. Lakini kila nikianza sura ya kwanza, anayekuja kichwani ni shangazi.

Ukisema unatoka Bukoba, popote Tanzania, utaitwa nshomile. Ni Kihaya, maana yake "nimesoma", na ni utani tuliopewa kwa kujisifia shule. Utani huo una mizizi. Wamisionari wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892. Huko Muleba, seminari ya Rubya ilimsomesha Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuwa kardinali. Kahawa ililipa ada. Hadi Uhuru unafika, Bukoba ilikuwa pamoja na Kilimanjaro miongoni mwa sehemu za Tanganyika zilizotangulia kwa shule. Mzazi wa Kihaya alijua kuwa mtoto aliyesoma atatoka shambani, na asiyesoma atabaki na migomba.

Kisha mlango ukawa mwembamba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na kweli watoto wakajaa madarasani. Shule za sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Nafasi chache zilizokuwepo ziligawanywa kimikoa, ili sehemu zilizoachwa nyuma na wakoloni nazo zipate. Ilikuwa haki, na mimi huitetea kwenye semina. Ila haki hiyo ilipofika kijijini kwetu ilimkuta msichana wa miaka 14 aliyemaliza darasa la saba mwaka 1984 na hakuchaguliwa.

Kurudia darasa la saba hakukuruhusiwa. Watu wakatafuta njia, na njia yenyewe ilijulikana karibu nchi nzima: unahamia shule nyingine na kukalia jina la mwanafunzi aliyeacha masomo. Babu alizungumza na mwalimu. Kata ya pili kulikuwa na msichana aliyefuata wazazi kisiwani Goziba, kwenye uvuvi, na jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la mahudhurio. Januari 1985 Koku akaingia darasani, mwalimu akaita jina lile, naye akaitika.

Hajaacha kuitika tangu siku hiyo. Kwa jina hilo alichaguliwa, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akasomea uuguzi, akaajiriwa katika zahanati moja wilayani Muleba. Maswali aliyajibu mwenyewe, na sindano amezichoma kwa mkono wake mwenyewe.

Upande wa mama kuna mjomba. Yeye alimaliza kidato cha nne mwaka 1991 akapata sifuri. Kuna mtu mjini Bukoba aliyemuuzia cheti chenye daraja la nne. Kwa cheti hicho akaenda chuo cha ualimu, akasoma miaka yote miwili, akafaulu, akapangiwa shule ya msingi. Alinifundisha kusoma. Kijijini kwetu jina lake halitajwi, anaitwa Mwalimu tu.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka, watu walikufa, na nyumba yetu ilianguka ukuta mmoja. Mama alipoingia kwenye kifusi, kitu cha kwanza kukitoa kilikuwa sanduku la bati lenye vyeti vyetu. Godoro alilifuata baadaye. Mwezi uliofuata serikali ikaanza kuhakiki vyeti vya watumishi wa umma. Wale waliookoa masanduku yao walitakiwa kuyafungua.

Njia ya uhakiki ilikuwa rahisi. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina kumbukumbu za watahiniwa na matokeo yao. Mwajiri anapeleka cheti, Baraza linalinganisha namba, jina na alama. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais Magufuli ripoti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Kulikuwa pia na kundi la vyeti vyenye utata, vilivyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja: 1,538. Rais aliagiza wenye vyeti vya kughushi waondolewe na mishahara yao ikatwe mara moja. Wakapewa hadi tarehe 15 Mei kuondoka wenyewe, la sivyo wafikishwe mahakamani.

Nilikuwa kidato cha tano. Mjomba hakungoja tarehe 15. Aliacha chaki na funguo za kabati mezani kwa mwalimu mkuu, akarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amefundisha miaka 22. Wiki hiyo wazazi waligawanyika. Wengine walisema mwizi ni mwizi, na kwamba kuna kijana aliyefaulu kihalali akakosa chuo kwa sababu nafasi yake ilikaliwa. Wengine waliuliza nani sasa atafundisha darasa la kwanza. Sijapata hoja ya kuwashinda wa kwanza. Yule kijana aliyekosa nafasi yupo, hata kama hatujui jina lake.

Watu waliuliza pia mbona uhakiki haukuwagusa viongozi wa kisiasa. Jibu lilikuwa la kisheria: Katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Mjomba alilisikia redioni akacheka peke yake. Yeye alikuwa amewafundisha watu kusoma na kuandika.

Shangazi je? Alipita. Cheti chake kilikuwa halisi, namba ilikuwepo, jina lilikuwepo, alama zilikuwepo. Mwenye jina hakuwahi kufika sekondari, kwa hiyo hapakuwa na wa pili wa kugongana naye. Serikali ililinganisha karatasi na karatasi, na karatasi zake zilikubaliana. Mjomba alidanganya kuhusu alama, shangazi alidanganya kuhusu yeye ni nani. Mmoja akafukuzwa, mwingine akapandishwa daraja. Nimeandika aya hii mara nyingi kwenye tasnifu na kila mara nimeifuta, kwa kuwa wasimamizi wangu watauliza ushahidi, na ushahidi ni mtu aliyenilipia ada.

Oktoba 2022, chini ya Rais Samia, serikali ilitangaza kwamba walioondolewa kwa vyeti feki watarejeshewa michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Ni ile sehemu ya mtumishi tu, si ya mwajiri. Mjomba alikwenda Bukoba na bahasha ya kaki kufuatilia. Alirudi na ahadi, na baadaye fedha zikaja. Akanunua miche ya kahawa.

Ni yeye niliyemweleza siri yangu. Mwaka jana niliomba kazi ya ukarani wa ghala kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Rafiki zangu walikuwa wamenionya: ukiandika shahada, watasema utaondoka mapema au utadai mshahara mkubwa. Nikaandika kidato cha sita. Kwenye usaili wakaniuliza miaka yote hiyo nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nyumbani, nasaidia shambani. Nikapata kazi ya msimu, na kwa miezi mitatu nilijifanya sijui vitu ninavyovijua. Kuna siku msimamizi alinifundisha asilimia, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nilifoji kupanda, mjomba," akasema. "Wewe unafoji kushuka."

Shangazi anakaribia kustaafu. Kitambulisho cha taifa kina jina la mshahara, akaunti ya benki ina jina la mshahara, kiwanja cha babu kiko kwa jina la Koku. Anauliza msalabani tutaandika lipi. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alikubali kwa sharti moja: jina la yule mwingine lisitokee. "Lile si langu kuligawa," alisema.

Ndipo aliponisimulia jambo ambalo hajamwambia hata baba yangu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kutoka visiwani alileta mjukuu mwenye homa. Shangazi akachukua kalamu, akauliza jina la mlezi. Yule mama akalitaja. Shangazi akaliandika taratibu, herufi kwa herufi, na kalamu ikasimama. Mama akatazama kibati cha jina kifuani kwake. Hakuwa anajua kusoma vizuri, lakini jina lake alilijua.

Wakakaa kimya, mtoto akilia katikati yao.

"Waitu," yule mama akasema mwishowe, "na mshahara, wanakulipa vizuri?"

"Kidogo," shangazi akajibu.

Alimpa dawa, akamwongezea nauli ya boti kutoka mfukoni mwake. Yule mama akapokea kwa mikono miwili, akafunga mtoto mgongoni, akaenda.