Filamu ya "mapanki": kwa nini ilizua ubishi?

Filamu ya hali halisi huonesha mambo ya kweli, lakini mtengenezaji ndiye anayechagua kipi kionekane. Mfano ni Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper wa Austria, kuhusu sangara wa Mwanza. Tanzania iliitwa filamu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kwenda Ulaya.

Wahakiki wengi wa nje waliisifu, ikawania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani, na mwanahistoria Mfaransa François Garçon akahoji ushahidi kwamba ndege za samaki zilileta silaha.

Tunashauri: ukiitazama, tenganisha ulichooneshwa na ulichoambiwa tu. Kesho kamera inaweza kufika dikoni kwenu.